Kinachokula stima si kuzunguka, ni maji moto

Swali: "Fundi, hujambo? Tunaishi Migosi, Kisumu. Nyumbani tuko watu sita: mimi, baba watoto, wawili wa shule, na pacha wa mwaka mmoja na nusu. Mwishoni mwa Januari baba watoto alinunua mashine ya kufulia ya mtumba, kilo saba, mlango mbele, kwa rafiki yake wa Nakuru aliyekuwa akihama. Alilipa 28,000. Ina kibandiko cha A+++ chenye namba 175 ya mwaka mzima. Tunafua mara tano kwa wiki, na mimi huweka digrii 60 kila mara kwa sababu ya nepi. Kabla ya mashine tulikuwa tukimaliza uniti 84 hivi kwa mwezi, sasa ni 104. Kinachonichanganya ni kwamba miezi ya kwanza shilingi 1,000 ilikuwa ikinipa uniti 39 kama zamani, halafu ilipofika Mei ghafla nikapewa 33. Baba watoto anasema mashine ni mbovu, inafyonza stima, na mzunguko mmoja unachukua saa mbili na nusu. Anataka iuzwe mama fua arudi siku mbili kwa wiki, 500 kila siku. Maji yetu, nikigawanya bili pamoja na majitaka, ni kama shilingi 150 kwa uniti. Hii mashine inatugharimu pesa ngapi hasa? Na siku hizi kuna kitu kinagonga ndani kama kokoto. Wako, Mama Pacha."

Jibu: Mama Pacha, sijambo. Hongera kwa Apiyo na Adongo, au Opiyo na Odongo, kama Waluo wanavyowaita pacha wa kike na wa kiume, maana hukusema. Nimefurahi kwamba umeleta namba. Barua nyingi ninazopata husema tu "stima inaenda sana", na hapo fundi anabaki kupiga ramli.

Baba watoto amekosea kuhusu mashine, lakini hajakosea kuhusu pesa. Kuna kama shilingi elfu moja inayotoka nyumbani kwenu kila mwezi ambayo mwezi wa Januari haikuwa ikitoka. Elfu hiyo ina vipande viwili, na kimoja hakitoki kwenye mashine moja kwa moja. Nianze na mashine.

Ndani ya mashine yako kuna vitu vitatu vinavyotumia stima ya maana: mota inayozungusha pipa, pampu inayotoa maji, na hita iliyojificha chini ya pipa. Mota na pampu, tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, pamoja na kukamua, hutumia takriban 0.15 ya uniti. Ukifua kwa maji baridi, hiyo ndiyo hesabu yote. Hita ni habari nyingine. Nyingi zina wati 1,800 hadi 2,000, sawa na birika la stima, na kazi yake ni kuchukua maji kama lita 12 yaliyolala chini ya pipa na kuyapandisha joto.

Hebu tuyapime. Kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja kunataka kilojuli 4.2. Uniti moja ya stima ni kilojuli 3,600. Maji ya tangi la paani Kisumu huwa kwenye digrii 25 hivi, kwa hiyo kufika 60 ni kupanda digrii 35. Zidisha 12 kwa 35 kwa 4.2, unapata 1,764, yaani karibu nusu uniti ya kupasha maji peke yake. Ongeza joto linalonyonywa na nguo zenyewe, na chuma cha pipa, na lile linalopotea hewani kwa saa nzima, hita peke yake inafika 0.8. Ukijumlisha na mota, mzunguko wa pamba wa 60 unamaliza kama 0.95 ya uniti. Mashine za ukubwa wako nilizozipima kwa ile mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi huangukia hapo hapo, nyingine chini kidogo, nyingine juu kidogo. Wa 40 huwa karibu 0.45. Wa baridi, 0.15.

Unaona tofauti? Nguo zile zile, pipa lile lile, muda unaokaribiana, lakini mzunguko mmoja wa 60 umekula stima ya mizunguko sita ya baridi.

Na hapo ndipo saa mbili na nusu za baba watoto zinapopoteza maana. Najua anavyofanya kwa sababu waume wengi hufanya hivyo: anasimama mlangoni, anaangalia saa, anaangalia mashine, anatikisa kichwa. Hita haiwaki saa mbili na nusu. Inawaka dakika ishirini na kitu, kisha inazima, na muda uliobaki ni pipa linageuka taratibu huku sabuni ikifanya kazi yake. Ile programu iliyoandikwa "Eco" inaweza kuchukua saa tatu na zaidi, na bado ikatumia stima kidogo kuliko ya kawaida, kwa sababu inapasha maji kidogo na kufidia kwa kuloweka muda mrefu. Urefu wa mzunguko haukuambii chochote kuhusu bili. Joto ndilo linalokuambia.

Kibandiko chako nacho hakidanganyi, ila kinasomwa vibaya. A+++ ni alama ya zamani ya Ulaya. Tangu Machi 2021 wao wamerudi kwenye A hadi G. Ile 175 ni uniti kwa mwaka kwa nyumba inayofua mara 220, wakichanganya 60 na 40, pipa limejaa na pipa nusu. Gawanya, unapata 0.8 kwa kila mzunguko. Tena maji yao ya majaribio huanzia digrii 15, yetu ya Kisumu yameshapashwa na jua bure. Lakini wewe unaweka 60 kila mara, bila kuchanganya na 40, kwa hiyo mashine inayokula 0.95 kwa 60 ya pamba, programu ya kawaida, inafanya kile kile ilichoahidi. Si mbovu. Mara tano kwa wiki ni kama mara 21 kwa mwezi, na 21 mara 0.95 ni uniti 20. Ulitoka 84 ukaenda 104. Hesabu imekaa sawa kabisa, hakuna stima inayovuja popote.

Sasa kile kipande cha pili, ambacho nadhani ndicho kilichomkasirisha baba watoto bila yeye kujua.

Kuanzia bei mpya za stima za Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamewekwa kwenye mafungu matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wa zaidi ya 100. Wakati huo bei ya msingi ya fungu la kati ilikuwa shilingi 16.30 kwa uniti, na ya fungu la juu 20.97. Juu ya hapo hupakiwa tozo za mafuta, za fedha za kigeni, za stima ya vijijini, halafu VAT. Bei ya msingi hubadilishwa kila baada ya muda, na tozo hupanda na kushuka mwezi kwa mwezi, ndiyo maana mimi sihangaiki na orodha. Nachukua ujumbe wa tokeni, nagawanya pesa niliyotuma kwa uniti nilizopewa. Kwako, 1,000 kwa 39 ni shilingi 25.64. Na 1,000 kwa 33 ni 30.30.

Watu wengi hudhani kwamba ukivuka uniti 100, zile za juu ya mia ndizo zinazouzwa ghali. Hapana. Ukishahamishwa fungu, uniti zote zinauzwa kwa bei ya fungu jipya, kuanzia ya kwanza. Na huhamishwi siku unayovuka. Wanachukua wastani wa miezi mitatu. Februari mlikuwa 104, lakini Desemba na Januari zilikuwa 84, wastani 91. Machi, wastani 97. Aprili ilipoisha, miezi yote mitatu ikawa 104, na Mei ukaamkia uniti 33. Hakuna kilichoharibika Mei. Mlikuwa mnalipia Februari.

Ukiweka pesa mezani inakuwa hivi. Zamani: uniti 84 kwa 25.64 ni shilingi 2,154. Sasa: uniti 104 kwa 30.30 ni 3,151. Tofauti 997. Katika hizo, 606 ni uniti 20 za mashine. Zile 391 nyingine ni nyongeza ya bei kwenye friji, taa, televisheni na pasi ambazo mlikuwa nazo tangu zamani na hazijaongeza hata chembe. Yaani mashine imepandisha bei ya friji. Mwambie hivyo baba watoto, uone uso wake.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji kuuza kitu. Nepi za pacha ziachie 60, siyo mchezo, hizo zinataka joto. Lakini zikusanye. Nepi ikishatolewa uchafu na kusuuzwa, iloweke kwenye ndoo yenye kifuniko, na ufue zote kwa pamoja mara mbili kwa wiki, pipa limejaa ila mkono wako bado unapita juu ya nguo. Mizunguko mitatu iliyobaki, ya mashati, sare za shule, shuka, nguo za baba watoto, weka baridi. Kwa mwezi hiyo ni 60 mara tisa hivi na baridi mara kumi na mbili, jumla kama uniti 10. Nyumba inarudi kwenye 94. Stima ya mwezi inakuwa shilingi 2,410 ukisharudi kwenye fungu lako la zamani, na mashine itakuwa imekuongezea 256 badala ya 997.

Kurudi nako kuna foleni. Mwezi wa kwanza wa mpango huu wastani utakuwa bado juu ya mia kidogo, 104 na 104 na 94. Mwezi wa pili unateremka hadi 97, na tokeni zinazofuata ndizo zitakazokuja kwa bei nafuu. Usikate tamaa katikati. Na tahadhari na vitu vinavyotaka kujaza lile pengo la uniti sita mlilobaki nalo. Kama kuna mtu nyumbani anafikiria kufunga shawa ya umeme bafuni, ile ya wati 5,000 na kitu, dakika kumi zake ni karibu uniti moja nzima, sawa na mzunguko wa nepi. Watu sita wakioga kila asubuhi, mashine ya kufulia itakuwa haina hatia yoyote.

Utaniuliza, maji baridi yanatoa uchafu? Yanatoa, ukiyasaidia. Soksi nyeupe za shule zilizopita kwenye yale matope meusi ya upande wa Nyamasaria hazitoki hata kwa 60 kama umezitupa ndani zilivyo. Matope yakikauka yakung'ute nje, soksi uziloweke usiku kucha kwenye beseni na sabuni, paka kipande cha sabuni ya mche kwenye kisigino na kola, asubuhi zikamue na kuziingiza. Kuloweka hakuna tokeni. Doa la damu au yai ndilo kabisa, hilo ukilipasha moto linaiva kwenye kitambaa na halitoki tena.

Ubaya mmoja wa baridi tupu ni kwamba mashine isiyoonja maji moto huota utando wa ukungu nyuma ya pipa na kwenye mikunjo ya raba ya mlango, na nguo zinaanza kutoa harufu ya kitambaa cha jikoni. Nyinyi mna nepi za 60, kwa hiyo mmeshajikinga. Asiye na watoto wadogo nitamwambia aweke 60 walau mara moja kwa mwezi. Mlango na kidroo cha sabuni viacheni wazi kidogo baada ya kufua, ila kwa pacha wa umri huo hakikisha hawafiki hapo. Mtoto wa mwaka na nusu akiona tundu la duara lazima aingie.

Maji nitayapitia haraka kwa sababu hapo hamna tatizo. Mashine ya mlango mbele ya kilo saba hunywa kama lita 50 kwa mzunguko wa pamba. Mara 21 ni lita 1,050, uniti moja ya maji na kidogo, shilingi 158. Hesabu mitungi anayotumia mama fua kwa mzigo huo huo, karai la sabuni na kusuuza mara mbili au tatu, utafika mitungi sita bila kujitahidi, nayo ni lita 120. Mashine ya mlango juu, ile inayojaa kama pipa, ndiyo inayokunywa hivyo. Bomba likikauka mkawa mnanunua mtungi kwa 20, lita 50 ni mitungi miwili na nusu, shilingi 50 kila mzunguko, na hapo ni afadhali kungoja bomba lirudi kama nguo zinaweza kungoja. Na maji yakirudi baada ya mvua kubwa yakiwa na rangi ya chai, usiwashe mashine siku hiyo. Kichujio kidogo cha wavu pale bomba linapoingia nyuma ya mashine huziba udongo, maji yanaingia kwa kuchuruzika, na mashine inasimama ikionyesha herufi na namba ambazo watu hunipigia simu usiku kuniuliza maana yake.

Sabuni ndiyo inayonifanya niandike kirefu, kwa maana hapo ndipo pesa inapotoka bila mtu kulalamika. Mzunguko wako wa baridi unatumia stima ya kama shilingi nne na maji ya shilingi saba na nusu. Mashine ya ukubwa wako inataka gramu 60 hivi za unga, vijiko vinne vya mezani, si vya kulundika. Kilo ikiwa 400, hiyo ni shilingi 24. Sabuni peke yake inazidi stima na maji mara mbili, na hapo ni ukipima! Wengi hawapimi. Wanamimina kwa kikombe, gramu 150 na zaidi, shilingi 60 kwa mzunguko, na mara 21 kwa mwezi imezidi elfu moja na mia mbili. Baba watoto anasimama na saa yake kulinda stima ya shilingi nne huku pakiti ya unga inaisha nyuma ya mgongo wake.

Halafu unga uwe ule wa mashine. Ule wa kufulia kwa mkono umetengenezwa utoe povu jingi, kwa sababu sisi tunaofua kwenye karai tusipoona povu tunadhani sabuni ni ya uongo. Ndani ya pipa lililofungwa povu ni adui. Linafanya nguo zianguke juu ya godoro badala ya kupigana, linapanda hadi kwenye kipimo cha maji na kukidanganya, na mashine nyingi zikilihisi huongeza suuza juu ya suuza. Niliwahi kuitwa nyumba moja Section 58, Nakuru, mwenyewe akilia kwamba mashine inavuja. Nilipofika povu lilikuwa limetoka kwenye kidroo, limeshuka ubavuni kama ndevu, limefika kwenye zulia. Mashine ilikuwa nzima. Nilichotengeneza siku hiyo ni kijiko: nilichukua kile cha jikoni kwake, nikakifunga kwa uzi kwenye pakiti ya sabuni.

Jambo la mwisho la gharama ni matengenezo, na kwa mtumba ndilo lenye uzito. Mlilipa 28,000. Ikiwapa miaka mitano, ni shilingi 467 kwa mwezi. Mimi huwaambia wateja waweke pembeni 300 nyingine kila mwezi, kwenye simu, wasiziguse. Mkanda, pampu, raba ya mlango, kaboni za mota, hivyo vyote vinabebwa na akiba hiyo. Kisichobebeka kirahisi ni bodi, ule ubao wenye akili ya mashine. Nyinyi mko kando ya ziwa, mnajua mvua zenu za jioni zinavyokuja. Mimi mwenyewe, fundi, nilipokuwa nakaa Kondele niliiacha mashine yangu kwenye soketi nikaenda kazini. Radi ikapiga, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na bodi ikabaki na alama nyeusi ya ukubwa wa maharage. Ilinigharimu 14,000, na aibu juu. Tangu siku hiyo nikimaliza kufua nachomoa plagi, sizimi swichi tu. Ukitaka kifaa cha kukinga mawimbi ya stima, nunua cha ampea 13, maana hita ikiwaka inavuta kama ampea 8, na vile vidogo vya friji vya ampea 5 vitaungua wenyewe kabla ya kukinga chochote. Ekstensheni nyembamba vilevile, ukiigusa wakati wa 60 ukaona ina joto, iondoe leo.

Basi jumla yako, ukifuata mpango: stima 256, maji 158, sabuni 504, akiba ya fundi 300, na uchakavu 467. Ni shilingi 1,685 kwa mwezi, themanini hivi kwa kila mzunguko. Mama fua kwa siku mbili za wiki ni kama 4,300 kwa mwezi, na sabuni na maji bado ni vyako. Kwa pesa tupu, mashine imeshinda, tena imeshinda hata kwa namna mnavyoitumia sasa.

Lakini mashine haianiki. Haikunji, haipigi pasi, haijui kwamba shati jekundu jipya litatoa rangi. Haifui viatu vya shule wala lile blanketi zito ambalo likilowa linapita kilo saba na kung'oa vibeba-pipa. Ukiniuliza ningefanyaje, ningemwita mama yule siku moja kwa wiki kwa kazi hizo, nikamlipa 500 yake, na siku nyingine mashine ikaendelea. Jumla inafika kama 3,850, bado chini ya siku mbili zake bila mashine, nawe unapata mgongo wako. Hilo lakini mtaamua nyinyi wawili, mimi ni fundi wa vyombo, si wa nyumba za watu.

Tuje kwenye kokoto. Sikiliza inagonga wakati gani. Kama ni wakati wa kutoa maji, chomoa plagi, ufungue kile kimlango kidogo chini kulia mbele ya mashine. Tandika taulo kuukuu, weka sinia la chini kabisa ulilonalo, na uzungushe kizibo pole pole kwa sababu maji ya lita moja au mbili yatatoka. Usifanye hivyo baada ya mzunguko wa 60 kabla maji hayajapoa. Ndani utakuta sarafu, pini ya nepi, kifungo cha sare, pengine waya wa sidiria. Mwezi uliopita nilitoa shilingi 45 kwenye pampu moja, zote za watoto wa shule, na mwenye nyumba akanipa nikanywee chai. Toa, suuza kizibo, angalia kwa tochi kama yale mapanga madogo ya pampu yanageuka, rudisha ukikaza.

Kama inagonga wakati wa kukamua tu, sauti ikipanda pamoja na mwendo kama lori linalopanda mlima, fungua mlango pipa likiwa tupu, shika ukingo wake wa juu ulisukume juu na chini. Pipa likicheza peke yake ndani ya ganda lake, hiyo ni beringi. Hapo acha kuitumia mpaka fundi aione, kwa sababu beringi ni elfu chache, na ikila ekseli ya pipa baba watoto atakuwa ameshinda ubishi wake.